Nani ataziba nyufa za hifadhidata za afya Rusinga?

KATI ya mwaka 2012 na 2015, kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria kilipitiwa nyumba baada ya nyumba na vijana waliobeba tabuleti badala ya daftari. Waliandika nani anaishi wapi, nani amezaliwa, nani amehama, nani ameaga dunia na nani ana homa. Walitumwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoshirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na Taasisi ya Tropiki na Afya ya Umma ya Uswisi. Kazi yao ilikuwa kupima iwapo mitego ya mbu inayoendeshwa kwa nishati ya jua ingeweza kupunguza malaria.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet na yakasifiwa kote duniani. Mradi huo, ulioitwa SolarMal, ulifikia zaidi ya nyumba 4,000, na katika makundi ya nyumba zilizokuwa na mitego, kiwango cha malaria kilikuwa chini kwa asilimia 29.8 kuliko katika nyumba ambazo zilikuwa hazijafikiwa. Wenyeji nao walipata taa usiku na umeme wa kuchaji simu, manufaa ambayo wengi wao huenda waliyathamini kuliko mtego wenyewe.

Jambo ambalo halikuzungumziwa sana ni njia ambayo taarifa hizo zilipitia. Kutoka kwenye tabuleti, zilisafiri hadi kwenye seva iliyokuwa katika bewa la Thomas Odhiambo mjini Mbita, ng'ambo ya daraja linalounganisha kisiwa na bara. Mfumo uliotumika uliitwa OpenHDS. Chini yake kulikuwa na hifadhidata ya MySQL, na kati ya tabuleti na hifadhidata hiyo kulikuwa na programu nyingine, Mirth Connect, iliyopokea fomu na kuzielekeza mahali pake. Zote zilikuwa programu huria, zisizolipiwa, zilizoandikwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Nyanza.

Mradi wa utafiti una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Hifadhidata haina. Majina ya watu, umri wao, mahali zilipo nyumba zao na maradhi yao hubaki kwenye diski hata baada ya watafiti kufunga mizigo. Na programu inayotunza majina hayo, kama programu nyingine yoyote, huendelea kugunduliwa kasoro mwaka baada ya mwaka.

Kasoro hizo ndizo zinazozibwa kwa kile ambacho mafundi wa tarakilishi hukiita kiraka. Neno hilo limeazimwa kwa fundi cherehani, lakini kuna tofauti moja kubwa. Shati lililochanika huonekana na kila mtu, na mwenyewe huona haya kulivaa. Programu iliyotoboka hufanya kazi yake kama kawaida, hujibu maswali yote inayoulizwa, na mhudumu wa kliniki anayeitumia kila siku hana njia ya kujua kwamba mgeni anaweza kuingia kwa mlango wa nyuma.

Mfano mzuri ni wa MySQL yenyewe. Mnamo Juni 2012, mwaka ule ule ambao hesabu ya watu wa Rusinga ilianza, ilitangazwa kasoro ambayo mpaka leo walimu wa somo la usalama wa tarakilishi hupenda kuisimulia. Mtumiaji anapoandika nenosiri lake, seva hulisaga kwa hesabu maalumu kisha hulinganisha matokeo na yale iliyoyahifadhi. Katika baadhi ya matoleo, kutegemea jinsi programu ilivyounganishwa, ulinganisho huo ulirejesha jibu lisilotarajiwa, na kwa wastani mara moja katika kila majaribio 256 seva ilikubali nenosiri lolote lile, hata liwe la kubuni. Mtu aliyejua jina la mtumiaji (na jina la "root" lipo karibu katika kila seva ya MySQL) alihitaji tu kubisha hodi mara 300 hivi. Kwa binadamu hiyo ni kazi ya asubuhi nzima. Kwa tarakilishi ni sekunde chache.

Haimaanishi kwamba seva ya Mbita iliguswa. Matoleo mengi ya MySQL hayakuathiriwa, na seva iliyofungwa ndani ya mtandao wa afisi haifikiwi kirahisi na mtu aliye mbali. Lakini mfano huu unaonyesha jinsi pengo dogo kabisa, mstari mmoja wa hesabu uliopimwa vibaya, linavyoweza kuifanya kazi yote ya nywila kuwa bure. Waliosasisha programu zao wiki hiyo walikuwa salama. Wasiosasisha walibaki na kufuli ambalo hufunguka likitikiswa.

Kisa mashuhuri zaidi kilitokea miaka tisa kabla ya hapo. Jumamosi ya Januari 25, 2003, kirusi kilichopewa jina la Slammer kilianza kusambaa katika seva za hifadhidata za kampuni ya Microsoft. Kilikuwa kidogo mno: baiti 376 tu, pungufu ya herufi za aya moja fupi ya gazeti. Kila sekunde nane na nusu idadi ya seva zilizoambukizwa iliongezeka maradufu, na ndani ya dakika kumi kilikuwa kimezifikia nyingi ya tarakilishi zilizokuwa na udhaifu huo, takriban 75,000 duniani. Mashine za kutolea pesa za Bank of America zilikwama, intaneti ya Korea Kusini ikazimika kwa saa kadhaa, na katika jimbo la Washington nchini Marekani wahudumu wa simu za dharura wakalazimika kurudia kalamu na karatasi.

Kilichowauma wataalamu si kasi ya kirusi hicho, bali kalenda. Kiraka cha kuziba pengo lililotumiwa kilikuwa kimetolewa Julai 2002, miezi sita kabla. Mtafiti aliyegundua pengo hilo, David Litchfield, alikuwa amekwisha kuonya. Wasimamizi wa seva kote duniani walikuwa na nusu mwaka wa kufanya kazi ya dakika chache. Hata baadhi ya tarakilishi za Microsoft yenyewe, iliyokishona kiraka hicho, zilipatikana bila kiraka.

Ni rahisi kuwalaumu kwa uvivu, na magazeti ya wakati ule yaliwalaumu. Lakini mtu aliyewahi kusimamia seva ya hospitali anajua kwamba mambo si mepesi hivyo. Kuweka kiraka mara nyingi huhitaji kuzima mfumo na kuuwasha tena, na kliniki haina saa ambayo inaweza kukubali kuzimiwa. Kiraka chenyewe kinaweza kuvuruga programu nyingine zinazotegemea hifadhidata; ripoti iliyokuwa ikitoka kila mwezi ikakataa kutoka, na bosi hatauliza kuhusu usalama bali kuhusu ripoti. Kiraka cha Slammer hasa kilisifika kwa ugumu wa kukiweka. Kwa hiyo msimamizi hupima: hatari ya leo anayoiona, na hatari ya kesho asiyoiona. Mara nyingi leo hushinda.

Tatizo ni kwamba mizani hiyo imebadilika tangu mwaka 2003. Kiraka kinapotangazwa, hakisomwi na wasimamizi peke yao. Mdukuzi naye hukisoma, hulinganisha programu ya zamani na mpya, na tofauti kati ya hizo mbili humwonyesha hasa mahali pengo lilipo. Watengenezaji wa PostgreSQL, hifadhidata nyingine huria inayotumiwa sana Afrika Mashariki, walilielewa hilo walipokabiliwa na kasoro nzito mwaka 2013. Walitangaza wiki moja mapema kwamba kiraka kinakuja, wakafunga kwa muda ghala la programu ambalo kwa kawaida liko wazi kwa ulimwengu mzima, kisha wakatoa kila kitu kwa pamoja Aprili 4. Walijua kwamba kuanzia saa hiyo saa ya mdukuzi ingeanza kuhesabu. Siku hizi muda kati ya kiraka kutangazwa na mashambulizi kuanza huhesabiwa kwa siku, na wakati mwingine kwa saa.

Mirth Connect, programu ile iliyokuwa ikielekeza fomu katika mifumo ya OpenHDS, ilipatwa na mkasa wa aina hiyo. Mwaka 2023 iligunduliwa kuwa na kasoro iliyomwezesha mtu asiye na nenosiri lolote kuiamuru seva ifanye anachotaka. Watengenezaji wakatoa kiraka. Watafiti wa kampuni ya Horizon3.ai wakakichunguza na kukuta kwamba hakikuziba pengo lote. Mdukuzi angeweza kupita kando yake. Toleo la 4.4.1 lilipotoka Oktoba mwaka huo ndipo tatizo likamalizwa. Kufikia Mei 2024, shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, lilikuwa limeiweka kasoro hiyo katika orodha ya zile zinazotumiwa na wahalifu kwa kweli, si kwa nadharia.

Mradi wa mitego ya mbu ulikuwa umekwisha miaka minane kabla. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kufikiriwa na kila taasisi iliyowahi kuendesha mradi kando ya ziwa na kuacha tarakilishi kwenye kabati. Mfumo unapopoteza mwenyewe, kiraka hutolewa na hakuna wa kukipokea.

Kwa wakazi wa Rusinga na Homa Bay kwa jumla, malaria si siri ya kuficha. Virusi vya Ukimwi ni jambo tofauti. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uliipa Kaunti ya Homa Bay kiwango cha maambukizi cha asilimia 19.6, cha juu kuliko kaunti zote, ilhali cha taifa kilikuwa asilimia 4.9. Majirani wa Kisumu, Siaya na Migori walifuata kwa karibu. Hii ina maana kwamba faili za kliniki za eneo hili zina habari ambazo, zikitoka nje, zinaweza kuvunja ndoa, kumfukuzisha mtu kazini au kumfanya mtoto ahame shule.

Faili hizo nyingi hazipo tena kwenye karatasi. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoanza mapema: mfumo wa kwanza wa rekodi za wagonjwa katika kituo cha afya cha mashambani uliwekwa Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001, na OpenMRS, mfumo huria uliozinduliwa mwaka 2004, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Kutokana na OpenMRS kukazaliwa KenyaEMR mwaka 2012, mfumo ambao Wizara ya Afya iliusambaza katika mamia ya vituo vinavyotoa dawa za kupunguza makali ya virusi, Nyanza ikiwa katika mstari wa mbele. Chini ya OpenMRS, tena, kuna hifadhidata ya MySQL au ndugu yake MariaDB.

Mapema mwaka 2019 ilitangazwa kwamba sehemu mojawapo ya OpenMRS ilikuwa na pengo lililompa mtu yeyote aliyeufikia mfumo kwenye mtandao uwezo wa kuiamuru seva bila nenosiri. Kwa kipimo cha kimataifa cha ubaya wa kasoro, chenye upeo wa 10, ilipewa 9.8. Kiraka kilikuwa tayari kufikia wakati wa tangazo, na watengenezaji walitenda inavyopaswa. Lakini kiraka kikiwa tayari kwenye intaneti, bado kinapaswa kusafiri. KenyaEMR iliwekwa kwa mtindo wa seva ndani ya kila kituo, kwa sababu ya haki kabisa: umeme na intaneti vya maeneo haya haviaminiki, na daktari hawezi kungoja mtandao urudi ndipo aone dawa alizoandikiwa mgonjwa mwezi uliopita.

Uamuzi huo una faida ya kiusalama ambayo watu husahau. Seva iliyo ndani ya zahanati, isiyounganishwa na intaneti, haiwezi kubishiwa hodi na mdukuzi aliye bara nyingine. Hasara yake ni kwamba haiwezi kufikiwa na kiraka pia. Lazima mtu aende. Kutoka Homa Bay hadi Mbita ni mwendo wa gari, Rusinga ni ng'ambo ya daraja, na kwa vituo vya Mfangano na Remba fundi hupanda boti. Akifika na kukuta stima imepotea, safari hiyo ni ya hasara. Na adui wa seva ya namna hii mara nyingi si mdukuzi wa Urusi bali kifaa cha kuhifadhia data kilichochomekwa na mtu aliyetaka tu kunakili muziki, au simu ya mhudumu iliyounganishwa na mtandao wa ndani, au mtu wa karibu anayetaka kujua habari za jirani yake.

Kuna njia ya pili, na Kenya imeijaribu vilevile. Mwaka 2011 nchi hii ilisambaza mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 kitaifa, ukiendeshwa kutoka seva za katikati badala ya kila wilaya kuwa na yake. Mfumo huo hutumia PostgreSQL. Kasoro ikigunduliwa, mafundi wachache Nairobi huweka kiraka mara moja na Kenya nzima huwa imepona. Hata hivyo DHIS2 ilihifadhi hasa jumla: wagonjwa wangapi, chanjo ngapi. Mfumo wa katikati unaohifadhi majina ni mzani mwingine. Unazibwa mara moja, na ukitobolewa, unatobolewa mara moja kwa wote.

Huko ndiko serikali inakoelekea. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 iliweka msingi wa mfumo mmoja wa taarifa za afya, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipoanza kazi Oktoba 1, 2024, ilitegemea jukwaa la kitaifa lililojengwa na muungano wa kampuni binafsi kwa mkataba wa zaidi ya Sh104 bilioni. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, ya Machi 2025 ilieleza kwamba serikali haimiliki mfumo huo wala haina usukani wake. Mjadala uliofuata ulihusu pesa zaidi. Kwa anayejali viraka, swali ni jingine: mwenye nyumba ambaye hana ufunguo atajuaje kama mpangaji amerekebisha dari?

Nyumba za Rusinga nazo zimeanza kutembelewa upya. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa na simu za kisasa ili kuandikisha familia wanazozitembelea. Mfumo unaotumiwa na simu hizo, eCHIS, umejengwa juu ya jukwaa huria ambalo hifadhidata yake ni CouchDB. Aprili 2022 ilitangazwa kwamba CouchDB, ikiwekwa bila kubadilisha neno la siri linalokuja nayo kutoka kwa watengenezaji, humpa mgeni mamlaka yote ya msimamizi. Toleo la 3.2.2 ndilo lililorekebisha. Hilo lilitangulia uzinduzi wa simu kwa zaidi ya mwaka, na mafundi walikuwa na muda wa kutosha. Lakini hifadhidata imebadilika, mradi umebadilika, mwajiri amebadilika, na kazi ya kufuatilia matangazo ya namna hiyo inabaki ile ile, kila mwezi, bila kikomo.

Nani huifanya? Kwa miaka mingi jibu halisi lilikuwa: mfadhili. Mafundi wa tarakilishi waliozunguka vituo vya Nyanza, wakisasisha programu na kuchukua nakala za akiba, walilipwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani dhidi ya Ukimwi, kupitia mashirika yaliyopewa kandarasi. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Vichwa vya habari vilihusu dawa, na ilikuwa sawa. Mgonjwa akikosa dawa, matokeo yanaonekana ndani ya miezi. Seva ikikosa fundi, hakuna kinachoonekana, na bajeti za kaunti zina desturi ya kutojali kisichoonekana.

Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia sahihi mkataba mpya wa afya wa miaka mitano jijini Washington. Wiki hiyo iliyofuata, Mahakama Kuu ilisitisha kwa muda utekelezaji wa sehemu zinazohusu kuhamisha taarifa za wagonjwa. Malalamiko ya walioshtaki yalikuwa ya msingi: nani ataona data za Wakenya, na kwa idhini ya nani. Ni vyema mahakama iulizwe hivyo. Hata hivyo, data zisizohamishwa na mtu yeyote zinaweza kuhamishwa na mwizi, na hakuna mahakama inayoweza kutoa amri dhidi ya pengo katika programu.

Wakenya wana kumbukumbu nzuri kuhusu suala hili. Februari 2015 serikali iliagiza makamishna wa kaunti wakusanye orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Watetezi wa haki walikwenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya watoto, ikataka majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa misimbo. Uamuzi huo ulizuia orodha moja iliyoandikwa na maafisa. Orodha zinazofanana nayo zipo katika kila hifadhidata ya kliniki, kwa sababu halali za matibabu, na kinachozilinda ni kufuli la programu.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti na kumtaka anayezitunza achukue hatua zinazofaa za usalama. Data zikivuja, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72, na faini yaweza kufikia Sh5 milioni. Afisi ya kamishna, Immaculate Kassait, imeonyesha meno: Septemba 2023 shule moja ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini, na klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kosa la aina hiyo. Adhabu hizo zilihusu makosa yanayoonekana kwa macho, picha ukutani. Seva isiyosasishwa haipigwi picha. Sheria haisemi popote kwamba kasoro inayojulikana lazima izibwe ndani ya siku kadhaa. Marekani iliweka kanuni ya namna hiyo kwa taasisi za serikali kuu Novemba 2021: kasoro mpya iliyothibitishwa kutumiwa na wahalifu huzibwa kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Kanuni hiyo inaweza kuandikwa upya na Nairobi katika ukurasa mmoja.

Wapo watakaosema kwamba wadukuzi hawana haja na zahanati za visiwani. Januari 2012 kijana mmoja wa Indonesia aliharibu kurasa za tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja, akitumia mbinu alizojifunza mtandaoni. Hakuchagua wizara alizozichukia bali alizozikuta wazi. Slammer haikuchagua pia. Na Juni 2024 wahalifu waliofunga mifumo ya maabara ya taifa ya Afrika Kusini, wakafuta hata nakala za akiba, walichelewesha majibu ya vipimo vya mamilioni ya wagonjwa, wakiwemo wa Ukimwi na kifua kikuu, ambao hawakuwa na kosa lolote wala chochote cha kuibiwa.

Gharama ya kuzuia si ya ajabu. MySQL, MariaDB, PostgreSQL na CouchDB hutolewa bure, na viraka vyake vilevile. Kinachogharimu ni mtu: fundi mwenye mshahara wa kaunti, si wa mradi; tarakilishi ya pili ya kujaribia kiraka kabla ya kukiweka kwenye ile inayohudumia wagonjwa; nakala ya akiba iliyojaribiwa kurejeshwa, si iliyoandikwa tu kwenye ripoti; na daftari linaloonyesha kila seva iko wapi, ina toleo gani, na mara ya mwisho ilisasishwa lini. Hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote. Bunge la kaunti linaweza kuliitisha kutoka kwa idara ya afya bila kupitisha sheria yoyote, kama linavyoitisha hesabu ya magari na matrela.

Daftari hilo likiwepo, tarehe mbili zitaonekana mara moja. Viraka vya kawaida vya toleo la 5.6 la MySQL vilikoma Februari 2021, na vya toleo la 5.7 Oktoba 2023. Toleo la 8.0 lilipangiwa kufikia kikomo Aprili 2026. Seva yoyote katika Homa Bay au Migori ambayo bado inatumia mojawapo ya matoleo mawili ya kwanza haina kiraka cha kusubiri, hata fundi akifika kwa boti.